Kiyoyozi cha Gari Kimeacha Kupoza: Njia Nne za Kutafuta Hitilafu na Namna ya Kuchagua

Kiyoyozi cha gari kinapoacha kupoza, wengi wetu hukimbilia jibu moja: gesi imekwisha, ijazwe. Jibu hilo huwa sahihi mara nyingi kiasi cha kuzoeleka, na huwa kosa mara nyingi kiasi cha kuua kompresa ambazo zingeishi miaka mingine kumi. Gesi ya kiyoyozi haichomwi ikaisha kama petroli. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, mara ni mvuke, mara ni kimiminika, na kilichopungua kimetoka mahali fulani, ama kwa tundu, ama kwa kupenya polepole kwenye mipira iliyochakaa kwa miaka. Na ikiwa haikupungua, kuongeza nyingine ni kuleta ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza.

Kabla ya kujaza au kubadilisha chochote, basi, kuna kazi ya kupima, na kupima kuna njia zaidi ya moja. Hapa nalinganisha nne ambazo mwenye gari au fundi hujikuta akizichagua: uchunguzi wa macho, masikio na mkono, geji za presha, mashine ya kusoma kompyuta ya gari ikisaidiwa na mita ya umeme, na kunyonya gesi, kuipima uzani na kutafuta inapovujia. Hakuna moja kati yake inayotosha kwa kila gari, na sababu ya hilo iko katika jinsi mfumo wenyewe ulivyoundwa.

Vigezo vya kulinganisha

Kiyoyozi kina pande tatu zinazotegemeana. Upande wa kwanza ni mzunguko wa gesi: kompresa huikandamiza gesi hadi inakuwa ya moto na yenye presha kubwa, kondensa iliyo mbele ya radieta huitoa joto hadi inageuka kimiminika, vali nyembamba huishusha presha ghafla, na evaporeta iliyojificha nyuma ya dashibodi huiacha ichemke na kunyonya joto la hewa ya ndani. Upande wa pili ni umeme unaoiamuru kompresa kufanya kazi au kupumzika. Wa tatu ni hewa yenyewe: feni, chujio, na vilango vidogo vinavyochanganya hewa ya baridi na ya moto kabla haijafika usoni pako.

Kila njia nitaipima kwa maswali yale yale. Inaona upande upi kati ya hiyo mitatu? Upi haiuoni? Inadai vifaa na ujuzi gani? Ina hatari gani kwa mtu, kwa gari na kwa anga? Na inamfaa nani? Swali la pili ndilo ninaloomba lizingatiwe zaidi, kwa sababu makosa mengi ya ghali hayatokani na kipimo kibaya bali na kipimo kizuri kilichoulizwa swali ambalo hakiwezi kulijibu.

1. Macho, masikio na mkono

*Inachoonyesha.* Washa injini, washa kiyoyozi, weka baridi hadi mwisho, feni ya ndani kwa kasi kubwa, na hewa izunguke ndani. Fungua boneti usikilize. Katika gari lenye kompresa ya klachi (kishikio cha sumaku kinachoiunganisha kompresa na puli inayozungushwa na mkanda) utasikia mlio mfupi wa "ta!" na injini itashuka kidogo kwa mzigo ulioongezeka. Itazame kompresa kwa mbele: puli huzunguka wakati wote injini ikiwaka, lakini sahani iliyo katikati yake huzunguka tu klachi inaposhika. Sahani ikibaki imetulia huku puli ikizunguka kando yake, kompresa haijaamriwa, au imeamriwa ikashindwa kutii. Tazama pia kama feni ya kondensa inazunguka.

Kisha mabomba mawili. Lile nene linalorudi kutoka evaporeta linapaswa kuwa baridi, na siku yenye unyevu hutoa jasho kama chupa iliyotoka kwenye friji. Lile jembamba linalotoka kwenye kondensa linapaswa kuwa na joto, kwa hiyo liguse kwa ncha ya kidole kwanza. Yakiwa na joto sawa baada ya dakika tano, gesi haizunguki. Na ikiwa bomba nene ni baridi kabisa lakini matundu ya dashibodi yanapuliza hewa ya moto, mzunguko wa gesi hauna kosa hata kidogo: kilango cha kuchanganya hewa kimekwama, na kujaza gesi hapo ni kumpa dawa asiyeumwa. Kipimajoto kilichochomekwa kwenye tundu la katikati kwa kawaida husoma kati ya nyuzi 4 na 10 za selsiasi kwa mfumo mzima, kutegemea joto la nje.

Dalili za mwendo nazo husema mengi. Baridi ikiwepo barabarani na kutoweka kwenye foleni, shaka ya kwanza ni feni ya kondensa au kondensa iliyozibwa na vumbi na wadudu. Baridi ikianza vizuri kisha upepo ukadhoofika baada ya nusu saa, na ukarudi gari likipumzika, evaporeta inaganda barafu. Upepo ukiwa dhaifu tangu mwanzo, anza na chujio la hewa ya ndani. Doa la mafuta lenye vumbi kwenye kiungo cha bomba ni alama ya kuheshimiwa, kwa kuwa mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi na hutokea inapotokea.

*Isichoonyesha.* Haikwambii gesi ni kiasi gani, wala kwa nini klachi haishiki. Sahani iliyotulia inaweza kuwa fyuzi, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), waya, koili ya sumaku ya klachi iliyoungua, au swichi ya presha inayoizuia kompresa kwa haki kwa sababu gesi ni kidogo mno. Tena magari mengi ya sasa yana kompresa isiyo na klachi, ambayo huzunguka muda wote na kubadilisha ujazo wake kwa ndani. Kwa hiyo mlio usiposikika, usihukumu.

*Vifaa na ujuzi.* Tochi, kipimajoto na kitabu cha gari kinachoonyesha fyuzi zilipo. Rilei ya kompresa inaweza kubadilishana kwa muda na nyingine yenye namba ileile katika kisanduku hichohicho, na jaribio hilo la dakika moja limewaokoa wengi.

*Hatari.* Mkanda na feni inayoweza kuanza yenyewe bila taarifa: mikono ya shati ikunjwe, nywele ndefu zifungwe. Katika gari la umeme au la mseto, nyaya za rangi ya machungwa haziguswi kabisa, kwani kompresa yake huendeshwa kwa volti mamia.

*Inamfaa* kila mwenye gari, hata yule atakayeishia kwa fundi, kwa sababu fundi aliyeelezwa dalili kamili huanza mahali sahihi.

2. Geji za presha

*Inachoonyesha.* Geji mbili zilizounganishwa kwenye upande wa presha ndogo na upande wa presha kubwa huonyesha mzunguko wa gesi ukifanya kazi. Kwa mfumo wa gesi ya R-134a, iliyo katika magari mengi, kiunganishi cha upande mdogo kina kipenyo cha milimita 13 na cha upande mkubwa 16, hivyo si rahisi kuvichanganya. Siku ya nyuzi 30 hivi, mfumo wenye afya huelekea kuonyesha psi (pauni kwa inchi ya mraba) 25 hadi 45 upande mdogo na psi 150 hadi 250 upande mkubwa, ingawa kila gari lina jedwali lake na joto la nje hubadilisha mengi.

Thamani yake kubwa iko katika kusoma pande zote mbili kwa pamoja. Zote zikiwa chini, gesi ni kidogo. Ndogo ikiwa juu na kubwa ikiwa chini, kompresa haikandamizi, au kompresa yenye ujazo unaobadilika imebaki katika kiwango cha chini. Zote zikiwa juu, gesi imezidi, au hewa imeingia, au kondensa haipozwi. Ndogo ikizama hadi kwenye ombwe, yaani chini ya presha ya hewa ya nje, kuna kizuizi, na mara nyingi ni vali iliyoziba au unyevu ulioganda ndani yake. Zikiwa sawa na zisibadilike injini ikiwaka, kompresa haifanyi kazi.

*Isichoonyesha.* Hapa ndipo watu hudanganyika zaidi. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, R-134a kwenye nyuzi 20 hukaa karibu na psi 68, na kwenye nyuzi 30 karibu na psi 97. Namba hizo hufuata joto, hazifuati wingi. Maadamu kuna kimiminika kidogo kilichobaki ndani, mfumo wenye theluthi moja ya gesi yake na mfumo uliojaa husoma sawa. Presha iliyo chini sana kuliko hiyo hukuhakikishia kwamba gesi imekwisha, lakini presha inayolingana na joto haikuhakikishii kwamba imetosha. Geji pia haijui lolote kuhusu fyuzi.

Kopo la kujazia lenye geji moja lina udhaifu wote huo na mwingine wake. Linasoma upande mdogo peke yake, kwa hiyo haliwezi kutofautisha gesi iliyozidi na kompresa iliyochoka, na baadhi ya makopo yana kemikali ya kuziba matundu ambayo huharibu mashine za kunyonyea gesi, kiasi kwamba mafundi wengine hulikataa gari lililowekewa.

*Vifaa na ujuzi.* Seti ya geji, jedwali la presha na joto, na mtu aliyezoea kulisoma. Gesi ya R-1234yf, iliyochukua nafasi ya R-134a katika magari mengi mapya, ina viunganishi vyake na inawaka moto kwa kiasi, hivyo haishirikiani vifaa na ile ya zamani.

*Hatari.* R-134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Tone likiruka kwenye jicho au ngozi huunguza kwa baridi, kwa hiyo miwani na glavu si hiari. Kila kuunganisha na kuchomoa hupoteza gesi kidogo, na gari dogo linalobeba gramu 400 au 500 tu huumia kwa kipimo kilichorudiwarudiwa. Kwa anga, R-134a haitoboi tabaka la ozoni kama R-12 iliyoondolewa baada ya Mkataba wa Montreal wa 1987, lakini kilo yake moja hupasha dunia joto kama kilo 1,430 za kaboni dayoksaidi katika miaka 100. Kuiachia hewani kwa makusudi ni kosa la kimaadili, na katika nchi nyingi ni la kisheria.

*Inamfaa* mwenye gari ambalo kompresa yake inazunguka lakini halipozi ipasavyo, na fundi anayetaka kutenganisha kompresa, vali na kondensa bila kufungua chochote.

3. Mashine ya kusoma kompyuta, na mita ya umeme

*Inachoonyesha.* Njia hii humwuliza mwenye kutoa amri. Mashine inayoweza kuingia kwenye kitengo cha kiyoyozi huonyesha kama ombi la baridi limefika, sensa ya presha inasoma nini, evaporeta ina joto gani, vilango viko wapi, na mara nyingine hueleza wazi kwa nini kompresa imenyimwa ruhusa. Kompyuta huinyima kwa sababu halali: injini imepata joto kupita kiasi, gesi ni kidogo, evaporeta inakaribia kuganda, au dereva amekanyaga mafuta hadi mwisho. Msimbo wa hitilafu P0532 humaanisha ishara ya sensa ya presha iko chini kupita kawaida, na P0533 humaanisha iko juu.

Mita ndiyo inayomaliza ubishi. Chomoa plagi ya klachi, omba baridi, pima. Volti za betri zikiwepo hapo na klachi isishike, kosa liko kwenye klachi: koili nzima kwa kawaida husoma omu 3 hadi 5, na ikisoma bila mwisho imekatika. Volti zisipokuwepo, rudi nyuma hatua kwa hatua: rilei, fyuzi, swichi, kompyuta. Kuna ugonjwa mmoja unaowapotosha wengi. Nafasi kati ya sahani na puli, ambayo huwa sehemu ya milimita, hupanuka klachi inapolika. Asubuhi klachi hushika vizuri, lakini mchana koili ikipata moto nguvu ya sumaku yake hupungua na haifiki tena. Mwenye gari husema gesi ni dhaifu. Mita huonyesha volti 12 zimefika salama kwenye klachi isiyoitikia.

*Isichoonyesha.* Haioni tundu. Haijui kama kompresa imelika ndani. Na huamini kila sensa inachosema, hata ikidanganya, ndiyo maana presha ya kwenye skrini inapaswa kulinganishwa na ya geji pale zinapopatikana zote mbili. Vifaa vya bei nafuu husoma misimbo ya injini peke yake na kukaa kimya kuhusu kiyoyozi, na ukimya huo usichukuliwe kuwa cheti cha afya.

*Vifaa na ujuzi.* Mita ni rahisi kupatikana. Mchoro wa nyaya za gari husika ni wa lazima, pamoja na subira ya kuufuata.

*Hatari.* Kubwa kuliko zote ni ile njia ya mkato ya kuunganisha waya kupita swichi ya presha ili kompresa ilazimike kuzunguka. Mafuta ya kompresa hubebwa na gesi. Pasipo gesi ya kutosha hayarudi, kompresa inajisaga, na vipande vya chuma husambaa hadi kwenye kondensa. Hitilafu ya waya mmoja hugeuka kuwa ya mfumo mzima.

*Inamfaa* mwenye gari ambalo kompresa yake haizunguki kabisa, au hufanya kazi siku moja na kugoma siku mbili, na magari yote yenye kompresa isiyo na klachi.

4. Kunyonya gesi, kuipima uzani, na kutafuta tundu

*Inachoonyesha.* Kati ya njia hizi, ni hii peke yake inayokupa wingi wa gesi kwa gramu. Mashine huinyonya yote, mizani husoma, na namba hiyo hulinganishwa na ile iliyoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Nimewahi kunyonya gramu 780 kutoka gari ambalo kibandiko chake kilisema 450. Lilikuwa limejazwa mara mbili na watu wawili tofauti, na kosa lililolipeleka gari kwao wote wawili lilikuwa rilei.

Mfumo ukiwa mtupu, naitrojeni kavu huingizwa kwa presha inayodhibitiwa na viungo vikapakwa maji ya sabuni. Povu huonyesha mahali. Tundu dogo zaidi hutafutwa kwa kifaa cha kunusa gesi, na kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa, ncha hupitishwa chini ya kiungo, si juu yake. Rangi inayotiwa ndani ya mfumo na kung'aa chini ya taa ya urujuanimno hufaa kwa uvujaji wa polepole, ila huhitaji gari litembee siku kadhaa ndipo lirudi kuangaliwa. Evaporeta haionekani, kwa hiyo hunuswa kwenye bomba lake la kutolea maji, na rangi ikionekana kwenye maji hayo, jibu limepatikana.

*Isichoonyesha.* Upande wa umeme na wa hewa haiugusi. Pia kipimo cha ombwe (kunyonya hewa yote ndani ya mfumo kisha kutazama kama presha inabaki ilipo), ambacho mafundi wengi hukitegemea, kina mpaka: ombwe huleta tofauti ya presha isiyozidi baa 1 (karibu psi 15) na huvuta sili kwa ndani, wakati upande mkubwa ukifanya kazi husukuma kwa nje kwa baa 10 hadi 17. Mfumo unaoshikilia ombwe nusu saa unaweza bado kuvuja.

*Vifaa na ujuzi.* Hii ni kazi ya karakana yenye mashine na mtu aliyefundishwa.

*Hatari.* Naitrojeni isibadilishwe kwa oksijeni hata kwa dharura, kwa maana oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta hulipuka. Upepo wa kujazia matairi nao haufai: huleta unyevu, na R-134a iliyochanganyika na hewa chini ya presha inaweza kuwaka.

*Inamfaa* mwenye gari linalopoza kila linapojazwa kisha hupoteza baridi baada ya wiki au miezi, na gari ambalo historia yake ya kujazwa haijulikani.

Kuchagua kwa hali uliyo nayo

Ikiwa baridi imekatika ghafla, kutoka safi hadi hakuna ndani ya siku moja, anza na macho na fyuzi, kisha mita. Umeme hukatika ghafla kwa kawaida, ilhali gesi hupungua polepole, isipokuwa bomba limepasuka au jiwe limetoboa kondensa, na hapo utaona mafuta yaliyomwagika.

Ikiwa baridi imekuwa ikidhoofika msimu baada ya msimu, usipoteze muda na kompyuta. Nenda moja kwa moja kwenye kunyonya na kupima gramu, na tundu litafutwe kabla ya kujaza.

Gari linalopoza barabarani na kupuliza hewa ya moto kwenye foleni halihitaji mashine yoyote hadi feni ya kondensa iwe imetazamwa ikizunguka na kondensa iwe imeoshwa. Linalopoza upande mmoja wa dashibodi na si mwingine lipelekwe kwa anayesoma vilango kwa kompyuta, ingawa gesi iliyopungua nayo huweza kuleta dalili hiyo katika baadhi ya magari, kwa hiyo gramu zipimwe vilango vikionekana vizima.

Gari la umeme au la mseto lisifunguliwe na mtu asiye na mafunzo ya volti kubwa. Kompresa yake mara nyingi hutumia mafuta maalumu yasiyopitisha umeme, na mafuta ya kawaida yakichanganyika humo yanaweza kuharibu kinga ya umeme ya mfumo mzima.

Na ukiwa umeshaambiwa kwamba kompresa imekufa na inunuliwe nyingine, omba namba tatu kabla ya kukubali: presha za pande zote mbili kompresa ikiwa imeamriwa kufanya kazi, volti zilizopimwa kwenye plagi yake, na gramu zilizonyonywa. Fundi aliyeipima kweli anazo tayari. Asiyekuwa nazo bado hajafika mwisho wa uchunguzi, na ni haki yako kumwomba aendelee.